Tarehe za Thogoto

Matatu inayotoka Dagoretti Corner kwenda Kikuyu hupita Riruta, ikapita Waithaka, ikafika soko la Dagoretti ambako malori ya ng'ombe hukata kona kuelekea vichinjioni. Mbele kidogo Nairobi inakwisha na Kiambu inaanza, na abiria asiyejua hatauona mpaka. Hapo ndipo kondakta anapoita kituo kinachofuata: Thogoto. Wanaoshuka ni wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa macho katika hospitali ya PCEA Kikuyu, na akina mama wenye mizigo ya mboga. Wachache kati yao hukumbuka kwamba wameshuka penye jina la taifa la watu wengine.

Thogoto ni Waskoti. Lugha ya Gikuyu haina sauti ya s, na mahali pake huingia th, inayotamkwa kama dh ya dhahabu. Neno "Scot" lilipopita katika vinywa vya watu wa Kiambu mwishoni mwa karne ya 19 likatoka na irabu zake na sauti yake mpya, likawa Thogoto, na mahali walipoketi wageni wale pakaitwa hivyo hadi leo. Kiswahili nacho kina Mskoti wake aliyejificha. Swala tomi, yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, amebeba jina la Joseph Thomson, mwana wa fundi mawe wa kijiji cha Penpont, aliyezaliwa tarehe 14 Februari 1858. Mwaka 1883 Thomson alifika Ngong akivuka nchi ya Wamaasai, msafara wake ukimtegemea sana Jumbe Kimameta, mfanyabiashara Mswahili wa Pangani ambaye njia hizo alizijua kabla ya Mzungu yeyote kuzichora kwenye ramani. Huko Ngong, mlangoni mwa Dagoretti, misafara ya pwani ilikuwa ikinunua vyakula vya Wakikuyu: viazi, maharagwe, wimbi.

Waskoti ni watu wa kuadhimisha siku. Tarehe 25 Januari hukumbuka kuzaliwa kwa mshairi wao Robert Burns mwaka 1759, kwa karamu, mashairi na haggis. Mkazi wa Dagoretti akielezwa haggis ni nini, ataelewa upesi kuliko Mwingereza: ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyokatwakatwa, yakachanganywa na oti, vitunguu na mafuta, yakafungwa ndani ya tumbo la mnyama yule yule na kuchemshwa. Jioni, karibu na soko la Dagoretti, mutura hugeuzwa polepole juu ya makaa, utumbo uliojazwa nyama na damu, na mchomaji huukata vipande juu ya ubao na kuweka chumvi na kachumbari pembeni. Watu wa mifugo, popote walipo, hawatupi kitu. Tarehe 30 Novemba ni ya Mtakatifu Andrea, mlinzi wa taifa lao. Kubwa kupita zote ni Mwaka Mpya. Kanisa la Kipresbiteri la Uskoti liliitazama Krismasi kwa jicho la mashaka kwa karne nyingi, hata Krismasi haikuwa siku ya mapumziko ya kitaifa huko mpaka 1958. Tarehe 1 Januari ndiyo waliyoisherehekea.

Wakikuyu waliihesabu miaka kwa njia nyingine. Hawakuadhimisha tarehe. Waliupa mwaka jina, na jina hilo likakaa juu ya rika la vijana waliotahiriwa mwaka huo. Waliotahiriwa wakati wa ndui waliitwa Mutung'u, ugonjwa wenyewe. Waliotahiriwa ndege zilipoanza kuonekana angani wakaitwa Ndege. Mzee aliyetaka kueleza umri wake alitaja rika lake tu, na aliyemsikiliza akajua papo hapo njaa gani ilikuwa nchini, vita gani, mvua gani. Kalenda hiyo ilikuwa na mwili na damu. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: iliishi vinywani, na wenye vinywa hufa.

Wageni wa Thogoto walikuwa na daftari. Kila kikao cha wazee wa kanisa kiliandikwa siku na mwezi. Ndiyo sababu historia ya upande huu wa Nairobi imejaa tarehe za Waskoti, na tarehe za wengine inabidi zitafutwe kwa tochi.

Mwanzo wa yote ni biashara. William Mackinnon, mwenye meli kutoka Campbeltown, ndiye aliyeongoza Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme Septemba 1888. Mwezi Oktoba 1890 afisa wa kampuni hiyo, Frederick Lugard, ambaye mwenyewe si Mskoti, alifika Dagoretti, akala kiapo cha udugu na kiongozi wa Wakikuyu, Waiyaki wa Hinga, na kujenga ngome. Aliondoka baada ya wiki chache. Walinzi aliowaacha wakaanza kuchukua vyakula na mali za watu kwa nguvu, na mwaka 1891 ngome ikaachwa na kuteketezwa. Kampuni ikajenga nyingine Kabete, Fort Smith. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa huko, akapelekwa kuelekea pwani akiwa mfungwa, na hakufika. Alikufa njiani, Kibwezi. Wazee wa Kikuyu wamesimulia vizazi na vizazi kwamba alizikwa angali hai, kichwa chini.

Kibwezi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa makao ya kwanza ya misheni ya Waskoti. Mackinnon na rafiki zake, akiwemo Alexander Low Bruce aliyemwoa binti wa David Livingstone, walichanga fedha mwaka 1891, na Dk. James Stewart wa Lovedale, Afrika Kusini, akaongoza msafara wa kuianzisha. Malaria iliwamaliza. Mwaka 1898 Thomas Watson, mmoja wa wachache waliobaki, akahamisha misheni hadi nyanda za Dagoretti zenye baridi.

Alifika wakati mbaya. Ukame, nzige na ndui vilikuwa vimeikumba nchi kwa pamoja, na watu wakaipa njaa ile jina la Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, maana ilikuja sambamba na reli na Wazungu. Maelfu walikufa. Misheni ikawa mahali pa uji na dawa kabla haijawa mahali pa vitabu. Watson mwenyewe alifariki Desemba 1900, na mjane wake Minnie, ambaye walikuwa wameoana mwaka mmoja tu kabla, akakataa kurudi kwao. Aliendelea na shule na wagonjwa, na alikaa Thogoto mpaka 1931. Mwaka 1901 Kanisa la Uskoti likaichukua misheni rasmi na kumleta David Clement Scott, aliyewahi kuhudumu Blantyre ya Malawi. Scott alitafuta ardhi ya maelfu ya ekari, na tangu hapo wenyeji wakajua kwamba Injili na shamba vimekuja katika gari moja.

Tarehe 1 Januari 1907, siku kuu ya kwao, kijana daktari kutoka Glasgow aliwasili Kikuyu. Jina lake John William Arthur, na hakuna Mskoti mwingine aliyeacha alama nzito kuliko yake katika eneo hili, kwa wema na kwa ubaya. Alijenga hospitali. Aliwafundisha wavulana kandanda, maana aliamini mwili na roho hufunzwa uwanja mmoja. Mwaka 1917, serikali ilipokuwa ikikusanya wapagazi kwa nguvu kwa ajili ya vita vya Tanganyika, alipanga kikosi cha wafuasi wa misheni na kwenda nao mwenyewe, ili wasife kama walivyokuwa wakifa wenzao katika jeshi la wapagazi, Carrier Corps, wale ambao Kiswahili cha Nairobi kinawakumbuka kwa jina la mtaa wa Kariokor. Kuanzia 1924 hadi 1926 aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria kuwasemea Waafrika. Waafrika wenyewe hawakuruhusiwa kuketi.

Miongoni mwa watoto waliopita mikononi mwa misheni ni mvulana aliyeingia Novemba 1909 kwa jina la Kamau wa Ngengi. Alijifunza kusoma na useremala, akabatizwa Agosti 1914 kwa jina la Johnstone, akaenda mjini kutafuta kazi. Miaka michache baadaye wazee wa kanisa walimwita kumhoji juu ya pombe na juu ya kumwoa Grace Wahu kimila, wakamzuia kushiriki Meza ya Bwana. Katika miaka ya 1920 alikuwa akifanya kazi na manispaa ya Nairobi, idara ya maji, huku akiwa na kibanda chake Dagoretti alichokiita Kinyata Stores, kilichouza vitu vidogo vidogo kwa majirani. Watu walikuja kununua wakakaa kuzungumza. Jina la duka lilifanana na jina ambalo dunia ingemjua nalo, Jomo Kenyatta.

Tarehe nyingine ya Thogoto ilitikisa makanisa mpaka London. Kuanzia 17 hadi 22 Juni 1913, wamisionari wa Kiprotestanti wa Afrika Mashariki walikutana hapo kujadili namna ya kuungana. Siku ya mwisho, katika kanisa la Waskoti, askofu Mwanglikana wa Mombasa, William Peel, aliongoza ibada ya Meza ya Bwana na kuwakaribisha Wapresbiteri na wengine wasiokuwa Waanglikana. Habari zikafika Unguja. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, akawashtaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Magazeti ya Uingereza yaliandika neno "Kikuyu" kwa miezi, wasomaji wengi wakilisikia kwa mara ya kwanza. Ugomvi ukafunikwa na vita vya 1914. Muungano kamili haukupatikana, lakini mwaka 1918 misheni zilifunga ushirika, na kutokana na ushirika huo, tarehe 1 Machi 1926, kwenye ardhi ya Waskoti, ikafunguliwa shule iliyobeba neno lenyewe: Alliance High School. Wavulana wa kwanza hawakufika 30, na mwalimu mkuu alikuwa G. A. Grieves.

Kinachofuata hakisemwi sana katika sherehe za shule wala za kanisa.

Mwaka 1929 Dk. Arthur aliamua kwamba ukeketaji wa wasichana lazima ukome miongoni mwa waumini. Wazo hilo misheni ilikuwa nalo tangu mapema. Madaktari na wauguzi wake walikuwa wameona wanawake wakifa wakati wa kujifungua kwa sababu ya makovu. Jipya lilikuwa dai lake: kila muumini na kila mwalimu aweke ahadi ya kuukana ukeketaji pamoja na chama cha siasa cha Kikuyu Central Association, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Alama hiyo ya dole iliitwa kirore.

Inafaa kulitazama dole hilo kwa karibu. Mwanamume wa Riruta mwaka 1929 alikuwa tayari amelichovya wino mara moja, serikali ilipompa kipande, karatasi yenye alama za vidole iliyowekwa ndani ya kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Bila kipande hakupata kazi, na polisi akimkuta hana alimfunga. Sasa kanisa nalo likamwekea karatasi mezani na kumwambia achovye dole lile lile. Uvumi ukaenea kwamba anayetia kirore anauza ardhi yake. Kwa watu waliokuwa wameona mashamba yao yakichukuliwa kwa karatasi, uvumi huo ulikuwa na mantiki yake. Kanisa la Thogoto likapoteza sehemu kubwa ya waumini kwa muda wa wiki chache, madarasa yakabaki matupu, na vijana wakacheza na kuimba Muthirigu, wimbo wa kuwakejeli wamisionari na machifu, mpaka serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Arthur akajiuzulu katika Baraza la Utendaji la serikali ya kikoloni, ambamo alikuwa mjumbe.

Kuhusu miili ya wasichana misheni ilikuwa upande wa haki, na sheria ya Kenya ya 2011 imekata shauri hilo. Juu ya njia iliyotumika, ilikosea vibaya. Shule ndiyo ilikuwa mlango pekee wa maarifa, na kumwambia mzazi achague kati ya dole na darasa la mtoto wake ilikuwa ni kumbana. Wasichana wenyewe, ambao mwili uliokuwa ukigombaniwa ulikuwa wao, hakuna aliyewauliza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance kuanzia 1955 hadi 1958, aliujenga mgogoro huo katika riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Njia Panda, na kijana anayesimama katikati ya pande mbili akampa jina la Waiyaki.

Waliokataa kirore hawakukataa kusoma. Walijenga shule zao wenyewe, kwa miti na matope kwanza, kisha kwa mawe, wakichanga kuku, mahindi na shilingi. Kusini mwa Kiambu, Dagoretti ikiwemo, shule hizo zilikuwa za Karing'a, maana yake safi, halisi. Waithaka ilikuwa na moja. Aliyekuja kuiongoza katika miaka ya 1940 ni mtoto wa Riruta aliyezaliwa mwaka 1910: Eliud Mathu. Alisoma Alliance, akafundisha Alliance, akaenda Oxford katika Chuo cha Balliol, kisha akaacha nafasi yake katika shule hiyo ya misheni na kuvuka bonde kwenda kuwafundisha watoto wa waliokataa kirore. Oktoba 1944 aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Kutoka kiti ambacho miaka 20 kabla daktari wa Thogoto alikikalia kuwasemea Waafrika, sasa aliongea mwana wa Riruta kwa kinywa chake.

Tarehe hiyo ya Oktoba 1944 ingestahili bendera Dagoretti nzima. Leo ukiuliza vijana kumi kwenye stage ya Kawangware, huenda usipate mmoja anayeijua. Shule za Karing'a zilifungwa na serikali mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, na rejista zao hazikupata kabati la kuzihifadhi kama daftari za misheni.

Kanisa nalo halikubaki la Waskoti. Mwaka 1943 likaanza kujitawala kwa jina la Presbyterian Church of East Africa, PCEA. Mwaka 1971 katibu mkuu wake, Kasisi John Gatu, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani akawaambia wakati umefika wamisionari na fedha zao wasimame kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kutembea kwa miguu yao. Makao makuu ya PCEA yakaitwa Jitegemea.

Na Januari ya kwanza ikarudi. Katikati ya Nairobi, karibu na Chuo Kikuu, liko kanisa la PCEA lenye jina la mtakatifu wa Uskoti, Andrea. Barabara inayopita hapo ni ya Nyerere, aliyechukua shahada yake Edinburgh mwaka 1952. Katika kanisa hilo, Mwaka Mpya wa 1990, Kasisi Timothy Njoya alihubiri juu ya kuta zilizokuwa zimeanguka Ulaya ya Mashariki, akauliza ni lini mfumo wa chama kimoja utafika mwisho wake Afrika. Mawaziri walimtukana hadharani. Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kikafutwa katika katiba ya Kenya. Daktari aliyeteremka Kikuyu siku kama hiyo miaka 83 kabla hangetambua hotuba ile, lakini mimbari angeitambua.

Eneo lenyewe limebadilika. Mwaka 1963 mpaka wa Nairobi ulisogezwa, Dagoretti ikaingizwa mjini na Thogoto ikabaki upande wa Kiambu. Mashamba ya Waithaka na Mutuini yamegawanywa na kugawanywa tena mpaka yamekuwa ploti, na kwenye ploti kuna majumba ya kupanga. Kanisa la Mwenge huko Thogoto, jengo la mawe la mwaka 1933, bado linajaa Jumapili. Barabara kuu inayotoka Westlands kuelekea Kikuyu imeitwa Waiyaki Way, na magari maelfu huipita kila siku kwa jina la mtu aliyepelekwa kuelekea pwani na asirudi.

Tarehe 1 Machi 2026 Alliance ilitimiza miaka 100, na tarehe hiyo haitapotea, maana iliandikwa siku ilipotokea. Shule ya Karing'a ya Waithaka ilistahili heshima hiyo hiyo. Kama nyumbani kwenu Dagoretti kuna bibi au babu ambaye mzazi wake alitia kirore, au alikataa, au alichanga kuku kwa ajili ya shule ile, muulizeni mwaka na mwezi, muulizeni jina la rika, na muandike leo.